Sabuni ya Shangazi na Ulimi wa Paka

Lizaboni, Songea
22 Januari 2024

Mke mwenzangu Careen,

Tumsifu Yesu Kristo. Nakusalimu kwa niaba ya marehemu babu yako Otto, aliyekuposa ukiwa na meno mawili halafu akaendelea kula ugali wangu mimi. Sijambo. Magoti yanalalamika kwa sababu ya mvua, lakini mahindi yanaipenda, kwa hiyo magoti yatavumilia. Baba yako Edmund alipiga simu Mwaka Mpya akasema Krismasi ijayo watakuja wote. Nimemwambia karibuni. Maneno hayo nimeyasikia tangu ukiwa darasa la tatu.

Nakusalimu pia wewe Mama Mlezi, maana mjukuu wangu ameniambia barua za manovisi, hao masista wanafunzi wako, wewe huzisoma kwanza. Habari za kazi.

Sasa, shangazi yako Rosemary amestaafu umatroni na amehamia kwangu. Miaka yote ile ya kuamsha wasichana bwenini imemwingia kwenye damu. Ananiamsha na mimi. Amekuja na vitabu viwili na katoni nne za vitu vya kufulia. Kuna sabuni ya maji ya bluu, kuna dawa ya kulainisha nguo yenye harufu ya maua ambayo hayaoti Songea, na kuna chupa ya dawa ya rangi ya kahawia. Hiyo ukiimimina kwenye ndoo, maji yanageuka meupe kama maziwa. Anaitia kwenye maji ya kusuuzia kila kitu, hata mashuka yangu. Anasema mvua zinafanya nguo ziwe na uvundo. Ni kweli hazikauki, lakini sasa nyumba inanuka kama wodi.

Paroko wako ana mimba kubwa na anapiga chafya. Bado analala kwenye kapu la nguo zilizofuliwa, kama ulivyomzoesha. Jana Rosemary alimfukuza kwa kandambili. Nikamwambia humu ndani aliyeanza kuishi ni paka.

Nakuombea.
Bibi yako, Benigna


Unovisi, Njombe
4 Februari 2024

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Nimefurahi kupata barua yako. Mimi ni mzima, baridi ya huku ni ile ile, nimezoea kuvaa soksi mbili. Mwaka huu nimepangiwa chumba cha kufulia pamoja na nguruwe, kwa hiyo mikono yangu haijui tena rangi yake. Wasalimie majirani wote, hasa mzee Majaliwa na ng'ombe wake.

Bibi, nakuomba umvumilie Shangazi. Ameishi peke yake muda mrefu, na usafi ni namna yake ya kupenda. Huku tunafundishwa kwamba utii katika mambo madogo huleta amani katika makubwa. Mwache afue apendavyo.

Kuhusu yule paka, Mama Mlezi ameniomba nisimtaje kwa jina lake katika barua, kwa sababu haifai. Tafadhali nifahamishe akizaa salama.

Kumbuka kwamba kuanzia Jumatano ya Majivu hatuandiki wala hatupokei barua mpaka Pasaka.

Mjukuu wako mtiifu,
Careen


Lizaboni, Songea
12 Februari 2024

Careen,

Tumsifu Yesu Kristo. Leo sitanii sana. Tuko wazima, mvua inanyesha, mahindi yako juu ya kichwa changu.

Jina la paka ulimpa wewe mwenyewe ukiwa na miaka kumi na mbili, kwa sababu ni mweusi na ana ukosi mweupe shingoni. Sisi wote tulidhani ni dume. Paroko hajamkashifu mtu. Amezaa watoto watatu, mmoja amekufa, wawili wananyonya.

Ni mgonjwa. Anatokwa na udenda mpaka kifua kimelowa. Nimemfungua mdomo nikaona ulimi una vidonda vyekundu. Anakaribia chakula, anakinusa, anaondoka. Akitembea miguu ya nyuma inayumba. Nimekwenda duka la dawa za mifugo mjini. Kijana akaniambia ana dawa za kuku na za mbuzi, paka hana, nimpe maziwa. Maziwa ameyakataa.

Mimi nimemtazama siku hizi zote na nimeona kitu kimoja. Anatoka kwenye lile kapu, au kwenye blanketi langu, anakaa, anajilamba kuanzia makucha mpaka mkia. Baada ya hapo ndipo udenda unaanza. Rosemary anasema ni minyoo. Nimemwambia aache ile dawa nyeupe, akasema kwa miaka thelathini hakuna msichana wake aliyekufa kwa usafi.

Ulisema una nguruwe. Nguruwe wana daktari. Muulize haraka ni kipi katika vile vitu kinamdhuru paka, na nifue kwa nini badala yake. Rosemary ataamini neno la daktari, langu hataki. Nimempa barua hii kondakta wa basi la Njombe ili isikae njiani. Watoto wake bado hawajui kula.

Bibi yako


Unovisi, Njombe
3 Aprili 2024

Bibi,

Shikamoo. Kristo amefufuka. Sina habari nyingine za kukupa kabla ya hii.

Barua yako ilifika Ijumaa baada ya Majivu. Mimi nimekabidhiwa Jumatatu ya Pasaka, pamoja na barua za wenzangu. Ilikuwa kwenye droo. Nimeisoma nimesimama, kisha nikaenda kwenye banda la nguruwe kumsubiri Daktari Kajetani, ambaye alikuja jana.

Ameniambia hivi. Ile dawa inayogeuza maji kuwa meupe ni sumu kwa paka. Ini la paka haliwezi kuiondoa mwilini kama letu. Si lazima ainywe. Inabaki kwenye kitambaa, inashika manyoya, na paka hana namna nyingine ya kuoga ila ulimi wake. Dawa ya kulainisha nguo nayo huchoma mdomo na koo, na haisuuzwi ikaisha, kwa sababu imetengenezwa ibaki kwenye nguo. Vitu vyenye mafuta ya kunukia pia aviepuke, ya msonobari, ya karafuu, ya ndimu.

Fua kwa sabuni ya mche, au sabuni ya unga isiyo na manukato, kidogo tu. Suuza mpaka maji yawe safi kama ya kisimani na kitambaa kisiteleze mkononi. Dawa ya kutoa madoa ukilazimika kuitumia, izimue sana, suuza sana, na paka asiguse nguo mpaka ikauke kabisa. Mabeseni yamwagwe, asije akanywa. Uvundo hutolewa na jua na pasi. Na Paroko mwenyewe aogeshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini ili vilivyo kwenye manyoya vitoke.

Bibi, niambie bado hatujachelewa.

Careen


Lizaboni, Songea
15 Aprili 2024

Mjukuu wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Baba yako ni mzima, mahindi yanakauka, Rosemary ana mafua.

Paroko alikufa wiki ya tatu ya Kwaresima. Alikuwa amelala kwenye blanketi langu, lile lililofuliwa siku mbili kabla. Nimemzika nyuma ya jiko.

Nimeumia na sitakuficha. Si kwa sababu ya paka tu. Nilikaa mlangoni nikisubiri jibu kila basi la Njombe lilipoingia. Nilipiga hata simu ya nyumba yenu. Sauti ya adabu sana ikaniambia simu ni ya msiba na ugonjwa mzito wa ndugu. Nikasema kuna mgonjwa. Akauliza ni nani. Ningeweza kusema ni Rosemary, na Mungu angenielewa, lakini nikasema ni paka. Nikaombewa heri ya Kwaresima.

Barua yako nilimsomea Rosemary mezani, neno kwa neno. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema daktari wa nguruwe ni daktari wa nguruwe. Nikaondoka mezani. Asubuhi nilizichukua katoni zake zote nikazifungia kwenye stoo ya mahindi, na ufunguo nimeuning'iniza shingoni pamoja na rozari. Nikamwambia kuanzia leo nguo za nyumba hii nitafua mimi, na zake pia. Anayetaka manukato ajipake mwilini.

Nafua kwa mche, kwenye jiwe la babu yako. Nina miaka sabini na sita. Majirani wanapita wanamwambia Rosemary, mbona unamfulisha mama. Anaona aibu, nami namwacha aione. Ameita kikao, baba yako akawa kwenye simu, wakasema nimekuwa mkaidi uzeeni. Nimewauliza ni lini nilikuwa kitu kingine. Wakasema paka wapelekwe kijijini Madaba. Nikasema sawa, nami nipelekwe huko huko, kwenye gunia lile lile.

Watoto wawili wapo. Wanakula dagaa. Dume nimemwita Katekista, jike nimemwita Mweka Hazina. Kama Mama Mlezi ana pingamizi aniandikie mwenyewe.

Bibi yako


Unovisi, Njombe
2 Mei 2024

Bibi,

Shikamoo. Pole. Nimelia kwenye chumba cha kufulia, ambako hakuna anayeshangaa kukuta mtu ana uso uliolowa.

Paroko alikuwa Paroko. Naandika jina lake na halitafutwa. Nilimwacha kwako siku ile nikiwa na sanduku mkononi, nikakuambia atakuwa salama kuliko mimi.

Nilikwenda kwa Mama Mlezi. Sikupiga kelele. Nilimuuliza kwa nini barua ambayo mtu anaomba msaada iliwekwa kwenye droo na barua za salamu. Alinijibu kwamba hakuifungua, kwa sababu katika Kwaresima hazifunguliwi, na kwamba kanuni haimpendelei mtu. Akaniambia nitolee sadaka huzuni yangu. Nimejaribu, Bibi. Inarudi.

Nimepata jambo moja tu. Nimeomba chumba cha kufulia hapa kiache ile dawa nyeupe, kwa sababu jikoni tuna paka watatu wanaotulindia ghala. Nimekubaliwa kwa majaribio. Masista wazee wanasema mashuka hayawashi tena.

Usifue peke yako mablanketi, ni mazito.

Careen


Lizaboni, Songea
25 Novemba 2024

Mke mwenzangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua zako za Julai na Septemba nilizipata, na uliniuliza kwa nini siandiki. Nilikuwa navuna, kisha nilikuwa napukuchua, kisha nilikuwa nimenuna. Sasa nimeacha.

Habari ni njema. Panya hawaligusi gunia hata moja. Mweka Hazina anakaa juu ya mahindi kutwa nzima kama mwenye mali, na Katekista anazunguka. Baba yako safari hii anakuja kweli, amekata tiketi, mke na watoto wote. Tutakuwa tisa humu ndani. Na Rosemary tumepatana. Siku moja mwezi wa nane nilikwenda kwenye jiwe nikakuta ameshafua, kwa mche, na anasuuza mara ya tatu. Nikachukua kamba nikaanza kuanika. Mpaka leo hatujalizungumza.

Sasa kuna viroboto. Wamekuja na joto hili kabla ya mvua, wako kwenye mablanketi yote, na paka wanajikuna. Hatuwezi kumlaza mke wa Edmund kwenye viroboto, atatusimulia huko Dodoma mpaka tufe. Rosemary ndiye aliyepata dawa, na mimi nimempongeza. Mzee Majaliwa ametupa chupa ya dawa yake ya kuogeshea ng'ombe. Tutaitia kwenye maji ya mwisho ya kusuuzia mablanketi, na itakayobaki tutawapaka paka wenyewe mgongoni. Nimeinusa. Haina harufu yoyote ya maua wala ya wodi, wala haigeuzi maji kuwa kama maziwa. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi, tumejifunza.

Tutafanya Jumamosi ya tarehe kumi na nne, ili mablanketi yakauke kabla wageni hawajafika. Najua Majilio yanaanza, zile wiki nne kabla ya Noeli ambazo nazo barua zenu hufungwa kama Kwaresima, na hutaniandikia. Tutaonana kwenye barua baada ya Noeli.

Bibi yako


Unovisi, Njombe
3 Desemba 2024

Bibi,

Shikamoo. Msitumie ile dawa. Naiandika hii kwanza ili hata kama barua italowa mvua, mstari huu usomeke.

Barua yako nilipewa Jumamosi, jioni ya mwisho kabla ya Majilio. Jana nimemuuliza Daktari Kajetani. Dawa za josho ziko za aina nyingi, na ameniambia hakuna hata moja ya kuwekwa pale paka anapolala. Zipo ambazo ng'ombe na mbwa hawazisikii, lakini paka akizigusa hutetemeka, hudondoka, na hufa siku ile ile. Harufu haikuambii chochote. Mliinusa mkaridhika, na mimi pia ningeinusa nikaridhika. Mkiwapaka mgongoni, hawatafika Noeli.

Mablanketi yamwagieni maji yaliyochemka, yafueni kwa mche, yaanikeni juani kutwa nzima, kisha pasi ya mkaa ipite kwenye pindo zote. Chini ya vitanda fagieni kila siku mkachome takataka. Paka wachaneni kwa kitana cha meno ya karibu, mkikichovya kwenye maji ya sabuni. Ni kazi ya wiki mbili, ndiyo maana siwezi kusubiri Noeli. Muulizeni Majaliwa pia, asije akawa anaimimina pale wanyama wake wengine wanapokunywa.

Sasa utauliza barua hii imetokaje. Niliomba ruhusa ya kukuandikia, nikakataliwa. Niliomba simu ipigwe kwako, hata na mtu mwingine. Mama Mlezi akasema simu ya nyumba ni ya msiba. Nikamwambia: "Mama, mara ya kwanza tulisubiri mpaka ukawa msiba, na simu haikupigwa hata hapo."

Akaniambia nifikirie uzito wa utii kwa mtu anayekaribia nadhiri. Nikamwambia nimefikiria tangu Pasaka. Kisha nikaandika. Sikujificha. Nimemkabidhi barua hii mkononi, wazi, nikamwomba aisome, na nikamwambia kwamba asipoituma yeye, nitatoka getini kwa miguu yangu mpaka stendi na kuitia kwenye basi, halafu nitarudi kupokea adhabu. Amesema itatoka, lakini jambo hili litafika kwenye kikao cha Januari kinachoamua nani anaweka nadhiri na nani anangoja.

Najua ninachokitaka, Bibi. Nataka kubaki. Nimeogopa sana nilipokuwa nasema, na bado naogopa. Lakini ningeogopa zaidi kukaa kanisani naimba Njoo Bwana huku nikijua mnaloweka nini.

Careen


Lizaboni, Songea
9 Desemba 2024

Mjukuu wangu Careen,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako imefika Ijumaa. Rosemary aliusoma mstari wa kwanza akaondoka na chupa mkononi bila kuvaa viatu, akairudisha kwa Majaliwa na kumkalisha chini kumpa somo. Tumeanza kuchemsha maji. Mweka Hazina amechanwa na amemkwaruza shangazi yako usoni, ni mzima kabisa. Katekista naye mzima.

Wewe utaisoma hii baada ya Noeli. Mama Mlezi ataisoma kwanza, kama ataifungua. Kwa hiyo pumzika, mke mwenzangu. Yanayofuata ni yake.

Mama Mlezi, mimi ni mkubwa kwako, na tungekuwa karibu ungeniamkia. Ulimpokea mtoto huyu akiwa mpole. Nilipomfungia sanduku niliogopa kwamba mtanirudishia mtu wa kusema ndiyo kwa kila kitu. Barua yake ya kwanza mwaka huu iliniambia nimwache Rosemary afue apendavyo, nikaona hofu yangu imetimia. Paka wake akafa katika ile ndiyo.

Sasa amekuambia hapana, usoni, mlango ukiwa wazi, na akakupa karatasi uisome. Hakutoroka, hakumpa mtu barua kupitia dirishani. Unayo mizani ya kumpimia na mimi siwezi kuishika kutoka Songea. Mkisema angoje mwaka, atangoja, na mimi nitamtumia soksi. Mkimrudisha, chumba chake kipo, na siku hiyo nitaita wacheza ngoma ya lizombe mtaa mzima ujue amerudi mtu, wala sitamwuliza kwa nini.

Lakini nakuomba jambo moja kuhusu kitubio chake. Akija kuomba msamaha kwa kuvunja kanuni, mpokee. Akija kuomba msamaha kwa kuiandika barua ile, mfukuze, kwa sababu atakuwa anakudanganya.

Mimi, Benigna